Nguzo ya Samarkand: Kanisa la Mashariki na Fadhili za Watawala

1. Utangulizi

Mtu azuruye Samarkand, mji wa kale ulioko Uzbekistan, huongozwa kwanza hadi uwanja wa Registan. Hapo zasimama madrasa tatu zilizopambwa kwa vigae vya buluu: ya Ulugh Beg (1417–1420), ya Sher-Dor (1619–1636) na ya Tilya-Kori (1646–1660). Si mbali na hapo lipo kaburi la Timur, aliyefariki mwaka 1405 baada ya kuufanya mji huo kuwa makao makuu ya milki yake. Kwa ajili ya urithi huo UNESCO iliuandika mji katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Makanisa yapo pia, lakini yale yanayoonekana leo yalijengwa baada ya Warusi kuuteka mji mwaka 1868. Kabla ya hapo, kwa karne kadhaa, Samarkand ilikuwa makao ya askofu mkuu wa Kanisa la Mashariki. Hakuna jengo lake hata moja lililobaki mjini. Katika makala hii tutauliza Kanisa hilo lilikuwaje, na kwa nini lilitoweka.

2. Kanisa lililofuata njia za biashara

Mji wa kwanza ulikuwa juu ya kilima kiitwacho Afrasiab, ulipokaa hadi majeshi ya Genghis Khan yalipouharibu mwaka 1220. Mwaka 1965 ilifukuliwa hapo nyumba yenye michoro ya karne ya 7, inayoonyesha wajumbe wa nchi za mbali, China ikiwa mojawapo, wakiwa mbele ya mfalme wa mji. Wenyeji walikuwa Wasogdi, wafanyabiashara hodari wa Njia ya Hariri.

Injili ilisafiri katika njia hiyo hiyo. Iliwafikia kupitia Kanisa la Mashariki, ambalo vitabu vingi huliita la Wanestorio, na ambalo Patriaki wake alikaa Mesopotamia. Katika karne ya 10 Ibn Hawqal, mwanajiografia Mwislamu, aliandika habari za makao ya watawa wa Kikristo milimani, kusini ya mji. Katika milima hiyo, karibu na Urgut, yameonekana maandishi ya Kisiriaki yaliyochorwa miambani, na mwanzoni mwa karne ya 21 wataalamu walifukua jengo wanaloliona kuwa monasteri hiyo.

Tukumbuke kwamba Waarabu waliuteka mji mwaka 712. Kwa hiyo Wakristo hao waliishi na jirani Waislamu, chini ya watawala Waislamu, kwa zaidi ya miaka 500 kabla ya Wamongolia kufika. Anayesema kwamba Uislamu ulipofika tu Kanisa lilikufa, hajaisoma historia vizuri.

3. Je, lilikosa lugha ya watu?

Mara nyingi twafundisha kwamba Kanisa lisilosema lugha ya wenyeji halidumu. Sisi Walutheri twalipenda sana fundisho hili, na lina ukweli mwingi. Lakini Samarkand hairuhusu tulitumie kirahisi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachunguzi Wajerumani walipata huko Turfan, mbali upande wa mashariki, maandiko ya Kikristo katika Kisogdi, lugha ya watu wa Samarkand. Yamo masomo ya Injili ya kusomwa ibadani, Zaburi na habari za wafia dini. Ingawa Kisiriaki kiliendelea kuwa lugha kuu ya liturgia, Neno lilikuwa limetafsiriwa. Hata hivyo Kanisa lilitoweka, na Kisogdi chenyewe kikatoweka nalo.

4. Jiwe chini ya nguzo

Marco Polo asimulia kwamba Chagatai, mwana wa Genghis Khan, alibatizwa, na Wakristo wa Samarkand kwa furaha wakajenga kanisa la Yohana Mbatizaji. Chini ya nguzo ya katikati waliweka jiwe zuri lililochukuliwa kwa Waislamu. Chagatai alipokufa, wenyewe walidai jiwe lao. Wakristo wakaomba sana, na nguzo ikainuka yenyewe, ikabaki hewani bila msingi.

Historia haithibitishi kwamba Chagatai alibatizwa, wala hatuna haja ya kubishana juu ya muujiza. Kilicho muhimu ni hofu iliyomo katika hadithi. Wasimulizi wake walijua kwamba nguzo ya Kanisa lao ilisimama juu ya kitu walichopewa na mtawala, tena kilichokuwa mali ya jirani. Mtawala alipoondoka, deni lilibaki.

5. Kutoweka

Mwaka 1281 askofu mkuu wa Samarkand alikuwapo Yahballaha III, mzaliwa wa China, alipowekwa wakfu kuwa Patriaki. Kilikuwa kilele cha Kanisa hilo. Kisha katika karne ya 14 makhani wa Asia ya Kati wakasilimu, na fadhili zikakoma. Tauni nayo ilipiga: katika bonde la Chu, nchini Kyrgyzstan, makaburi ya Wakristo ya miaka 1338 na 1339 yaitaja kwa Kisiriaki. Mwaka 1404 Clavijo, balozi wa Hispania, bado aliwakuta Wanestorio mjini, miongoni mwa umati wa watu ambao wengi wao Timur aliwaleta kwa nguvu. Baada ya hapo habari zao zafifia.

6. Hitimisho

Haitupasi kuwahukumu ndugu hao kana kwamba walikosa imani. Walitafsiri, waliomba, walisafiri mbali kuliko sisi. Lakini wachungaji na wanafunzi wa theolojia na waichunguze nguzo ile. Kiwanja, msamaha wa kodi, nafasi ya heshima mbele ya wakubwa: hivi vyote vyaweza kupokelewa kwa shukrani, na vyote vyaweza kudaiwa siku mtawala abadilikapo. Na kama tulichopewa kimetoka mkononi mwa jirani, heri tukirudishe mapema, kabla ya kudaiwa. Paulo aliwaambia Wakorintho msingi ni upi (1 Kor. 3:11). Kila usharika na ujiulize jengo lake limesimama juu ya nini, wakati mawe yangali yanaweza kubadilishwa.