Fizikia ya Mpemba na Maabara Zetu

Kila inapozuka hoja ya kuyafanya majaribio ya sayansi yavutie, yawe salama na yaeleweke, sisi Watanzania hukimbilia kuzungumzia majengo. Msomaji atakumbuka mwaka 2014, agizo la maabara tatu kwa kila sekondari ya kata lilivyowakosesha usingizi wakuu wa wilaya. Sipingi majengo. Ila jaribio lililoitangaza nchi hii katika vitabu vya fizikia halikuanzia maabara, bali kwenye sufuria ya maziwa.

Mwaka 1963, katika Sekondari ya Magamba, Lushoto, wavulana walikuwa na kawaida ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaingiza kwenye jokofu. Siku moja Erasto Mpemba, wa kidato cha tatu, alihofia kukosa nafasi, akayaingiza yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake aliweka maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa. Baada ya kama saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado.

Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na kosa lolote la hesabu darasani likaanza kuitwa la Mpemba. Najua wasomaji wengi mnaijua kejeli ya namna hiyo. Haihitaji maabara wala bajeti.

Kisha akaja Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akalirudia swali lake na wenzake wakacheka. Osborne naye hakuamini. Lakini aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara alijaribu jambo hilo. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito wa kisa kizima. Fundi yule alikuwa amefunzwa vizuri kabisa, kwa namna ile ile tunayofunza hadi leo: jibu hutangulia, jaribio hufuata kulithibitisha.

Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969, wakati Mpemba alikwisha kuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka. Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walisema hawakuona ushahidi wa kuridhisha, wakionya kwamba kipimajoto kikisogezwa kidogo tu ndani ya chombo, matokeo hubadilika.

Hapa Olmotonyi, miteremkoni mwa Meru, Chuo cha Misitu kimekuwapo tangu 1937, na sijapata kusikia mtu akijifunza kupima mti pasipo kuugusa. Basi mzazi au mwalimu mwenye jokofu achukue vikombe viwili vya bati vinavyofanana; asitumie vya kioo, kwani hupasuka. Kimoja atie maji baridi, kingine maji ya moto ya kiasi kile kile, akiyamimina yeye mwenyewe na si mtoto. Watoto waandike kwanza wanachotarajia, kisha wachungulie kila baada ya dakika kumi na tano. Nyumba mbili zikipata majibu yanayopingana, yaandikwe yote mawili, na mtoto aliyepata lisilotarajiwa aulizwe alivyofanya kabla mtu yeyote hajacheka.