Brashi Kabla ya Simba (Sehemu ya 1)

Msomaji wangu wa Kibiti, hebu chuma ua jekundu la msinzi kule delta, ukae nalo juani. Litachukua muda gani kunyauka?

Basi ndani ya muda huohuo, mwanamke mmoja alitakiwa awe ameshalimaliza kwenye karatasi: penseli, maji, rangi, kila petali mahali pake. Rangi ya maji haina huruma. Ukikosea, hufuti.

Unamjua? Ngoja kwanza.

Friederike Gessner alizaliwa mwaka 1910 huko Troppau, enzi za himaya ya Austria na Hungaria. Mwaka 1937 mumewe akamtanguliza Kenya, akaangalie kama panafaa kuhamia.

Akapanda meli. Na humo melini, jamani, akakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi!

Mume aliyebaki nyumbani akaambulia talaka. Mwaka 1938 Bally akamwoa binti huyu, akambandika na jina jipya: Joy.

Eeh, Joy Adamson! Yule wa simba Elsa. Wengi tunamjua kwa simba tu, na hapo ndipo tunapomdhulumu.

Bally ndiye aliyemtia moyo achore mimea, naye akachora mamia. Mwaka 1947 akapata nishani ya dhahabu ya Grenfell, Uingereza. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ikamkabidhi kazi nzito: achore watu wa makabila ya Kenya na mavazi yao ya asili, kabla hayajapotea. Akazunguka nchi kwa miaka. Ukifika makumbusho ya Nairobi, zisogelee picha zile, uone ushanga ulivyochorwa. Mimi ningempa heshima yake hata kama Elsa asingezaliwa.

Lakini Elsa alikuja, mwaka 1956, akaja na umaarufu. Na maadui je? Usiniharakishe.

Tarehe 3 Januari 1980, hifadhi ya Shaba. Jioni, Joy katoka kutembea kama kawaida yake. Giza likaingia, hajarudi. Msaidizi wake akamfuata, akamkuta njiani kalala kwenye damu.

Habari zikazagaa: kaliwa na simba!

Nani angebisha? Wewe wa Rufiji unayemkumbuka yule simba aliyebatizwa Osama, aliyeua watu zaidi ya 30 hadi alipouawa Aprili 2004, ungeamini palepale.

Ila waliouchunguza mwili wakatazamana. Makucha hurarua. Majeraha haya yalikuwa ya kuchomwa.

Simba hashiki kisu. Sasa ni nani aliyekutana na Joy jioni ile?

Jumamosi ijayo, usikose.