Kupanga meno kwa nyaya: Maswali ya wagonjwa na majibu yake

MENO yaliyopandana, yaliyochomoza au yasiyokutana vizuri yanaweza kurekebishwa kwa mtoto na hata kwa mtu mzima. Hata hivyo, matibabu hayo ni ya muda mrefu na gharama yake si ndogo, hivyo ni vyema mgonjwa au mzazi akayafahamu mambo ya msingi kabla ya kuanza. Yafuatayo ni majibu ya maswali ambayo madaktari wa meno huulizwa mara kwa mara.

Mtoto apelekwe kwa daktari lini?

Meno ya ukubwani huanza kuota mtoto akiwa na umri wa takriban miaka 6. Chama cha madaktari wa upangaji meno cha Marekani kinashauri uchunguzi wa kwanza usichelewe kupita umri wa miaka 7. Kuchunguzwa si kufungwa nyaya. Watoto wengi husubiri hadi meno mengi ya ukubwani yaote, kati ya miaka 10 na 14.

Je, mwanya wa mtoto utibiwe?

Mara nyingi hapana. Mwanya wa meno ya mbele ya juu kwa mtoto wa miaka 8 au 9 ni wa kawaida, na aghalabu hupungua au kuziba wenyewe chonge zinapoota. Unaobaki si ugonjwa. Wapo wengi wanaouhesabu kuwa urembo.

Nini huharibu mpangilio wa meno?

Baadhi ya matatizo hurithiwa. Mengine hutokana na kunyonya kidole kwa miaka mingi, au kung'olewa mapema kwa meno ya utotoni, ambayo huyatunzia nafasi meno yajayo.

Aidha, ipo desturi katika baadhi ya maeneo ya Afrika Mashariki ya kuwang'oa watoto wachanga yanayoitwa "meno ya nailoni" au "meno ya plastiki", kwa imani kwamba ndiyo yanayoleta homa na kuharisha. Ukweli ni kwamba hayo ni machipukizi ya chonge za utotoni. Kuyang'oa hakutibu homa, bali huweza kuharibu chonge za ukubwani zilizo chini yake, na kumletea mtoto maambukizi yanayohatarisha maisha.

Je, mtu mzima amechelewa?

La. Nyaya husukuma jino taratibu. Mfupa huyeyuka upande ambao jino linaelekea na kujengeka upande linakotoka. Uwezo huo haukomi ukubwani. Tofauti ni kwamba taya la mtu mzima limekwisha kukua, hivyo kasoro kubwa ya taya lenyewe huweza kuhitaji upasuaji. Pia, ugonjwa wa fizi sharti utibiwe kwanza, kwani kusukuma jino ambalo mfupa wake unaliwa na ugonjwa huzidi kulilegeza.

Huchukua muda gani, na huuma?

Kwa kawaida ni kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili, na wengine hufikia mitatu. Mgonjwa huhudhuria kliniki kila baada ya wiki 4 hadi 8. Maumivu hutokea siku chache baada ya nyaya kufungwa au kukazwa, kisha hupungua. Mahindi ya kuchoma, miwa, mifupa na peremende za kunata huepukwa, kwa kuwa huvunja au kubandua vifaa.

Usafi ni muhimu kuliko awali, maana nyaya hunasa chakula. Ukoga ukiachwa, meno hunyooka lakini hubaki na madoa meupe au kutoboka. Mswaki utumike kila baada ya mlo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi.

Nyaya zikitolewa, kazi imekwisha?

Hapana, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha zao. Meno huelekea kurudi yalikotoka. Daktari hutoa kifaa cha kuyashikilia, ambacho aghalabu huvaliwa muda mwingi katika miezi ya mwanzo, kisha usiku kwa miaka mingi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa, mgonjwa aulize iwapo gharama aliyotajiwa inajumuisha picha za eksirei, mahudhurio yote na kifaa hicho cha mwisho. Asiyekuwa tayari kukivaa ni heri asubiri.