Waliokufa Ndani ya Handaki: Habari za Meru na Embu, 1954–1960

Vita vya Mau Mau huelezwa sana kwa habari za msituni. Sisi twataka kunena habari za wale waliokufa bila kupigwa risasi, ndani ya vijiji vya Hali ya Hatari.

Zamani watu wa Meru na Embu hawakukaa kwa kusongamana. Kila mji ulikuwa peke yake kilimani, pamoja na migomba yake na kijito chake. Makao hayo yalikuwa kinga, ijapokuwa hakuna aliyeyaita hivyo, kwa maana surua ikiingia mji mmoja yaweza kuishia papo hapo.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwezi wa Juni 1954 Serikali ya kikoloni iliamua kuwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru vijijini, ili wapiganaji wasipate chakula wala habari. Hata kufika mwisho wa mwaka 1955, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilitiwa moto, nazo mpya zikazungushiwa seng'enge na handaki lenye mianzi iliyochongwa ncha.

Mama alitolewa asubuhi kwenda kuchimba handaki au barabara pasipo malipo, na saa za kwenda shambani zikawa chache. Basi shamba likaota magugu. Mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa uji mtupu, bila maharagwe wala maziwa. Vibanda viligusana, hata kikohozi cha mmoja kikawa mali ya wote. Amri ya kutotoka nje ilipokazwa, kuteka maji safi kulikuwa shida, na choo nacho vivyo hivyo. Mtoto wa namna hiyo akipatwa na surua au kuhara hana nguvu za kushindana nayo; njaa imekwisha kumla kwanza.

Wanaume waliotiwa kizuizini walikuwa na yao. Kambi ya Manyani, iliyojaa upesi baada ya msako wa Nairobi wa Aprili 1954, iliingiliwa na homa ya matumbo mwaka huo huo. Wengine waliletwa katika uwanda wa Mwea, wakati ule sehemu ya wilaya ya Embu, wakachimba mifereji ya mashamba ya mpunga. Mchele wa Mwea twaula hata leo.

Je, waliokufa vijijini ni wangapi? Hesabu ya Serikali ilitaja wapiganaji zaidi ya 11,000 waliouawa, hawa hawamo. Mwaka 2007 John Blacker, mtaalamu wa hesabu za watu, alichunguza hesabu zilizofanywa Kenya mwaka 1948, 1962 na 1969, akakadiria vifo 50,000 hivi vilivyozidi kawaida katika makabila hayo matatu. Karibu nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 10. Wako waliokadiria zaidi sana. Sisi twaona njia yake ina nguvu, kwa kuwa yategemea majibu ya akina mama walioulizwa wamezaa wangapi, na wangapi wangali hai.

Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Mwezi wa Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa madai ya wazee 5,228 walioteswa. Malipo hayo yalikuwa ya mateso. Mama aliyezika mtoto wa surua kando ya handaki hakuwa na dai la kupeleka.