Siku Arobaini Bila Mwenyewe: Mzazi na Kichanga katika Historia ya Bukoba na Muleba

Historia ya afya ya uzazi katika Bukoba na Muleba imezoeleka kusimuliwa kama historia ya majengo. Walutheri walijenga Ndolage, Wakatoliki wakawa na Rubya na Kagondo, serikali ikawa na hospitali yake mjini Bukoba, na baada ya Uhuru zahanati zikasogea vijijini. Simulizi hilo ni la kweli, na waliojenga wanastahili heshima yao. Lakini ukiuliza nani alipimwa, lini, na kwa sababu gani, unakuta pengo ambalo majengo hayakuliziba. Kila zama ilimpima mama kwa sababu ya hofu ya zama hiyo: kwanza hofu ya ukoo kukosa watoto, kisha utapiamlo na surua, kisha Ukimwi. Siku za kwanza baada ya kujifungua, ambazo ndizo za hatari kubwa kwa mama na kichanga, hazikuwahi kupata zama yake.

Waingereza walipoichukua Bukoba kutoka kwa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, kilichowashughulisha kuhusu wanawake wa Kihaya ni uhaba wa watoto. Maofisa na wamisionari waliogopa kwamba watu wanapungua kwa sababu ya magonjwa ya zinaa, na mwanahistoria Shane Doyle, aliyelinganisha Buhaya, Ankole na Buganda katika kitabu chake Before HIV, anaonyesha kwamba uzazi katika eneo hili kweli ulikuwa mdogo kwa miaka mingi na kwamba magonjwa hayo yalichangia sana. Kwa hiyo daktari alimtafuta mwanamke kabla hajashika mimba, au akiwa mjamzito. Akishajifungua, hofu ya ofisa ilikuwa imekwisha, naye alirudishwa kwa wanawake wa ukoo. Huko mzazi alikaa ndani, akapikiwa, akakandwa maji ya moto, akapumzishwa kazi ya kibanja, yaani shamba la migomba. Palikuwa na uangalizi wa kila siku, tena wa karibu. Ila waliomwangalia hawakuwa na dawa ya kuzuia damu inayomwagika wala ya kutibu homa ya uzazi.

Mwaka 1974 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa afya ya mama na mtoto, na mwaka uliofuata ukaja mpango wa chanjo. Hapo ndipo kliniki ikawa sehemu ya maisha ya kijiji. Anayeijua ataiona mara moja: mizani imening'inizwa kwenye boriti ya baraza, foleni ya akina mama wenye kanga, mtoto anavalishwa kaptura ya kupimia na kulia huku miguu ikining'inia, muuguzi anasoma uzito na kuweka nukta kwenye kadi yenye kijani, kijivu na nyekundu. Ni kazi iliyookoa watoto wengi, na siidharau hata kidogo. Lakini tazama nani anapanda mizani. Mama ndiye anayebeba. Tena baada ya chanjo za kuzaliwa, tarehe inayofuata ya chanjo siku hizi ni wiki ya 6, na kwa hiyo familia nyingi huelewa kwamba serikali inawahitaji wiki ya 6. Ratiba ya sindano ikageuka kuwa ratiba ya mzazi.

Pengo hilo halikukaa tupu. Katika miaka ya 1980 ilienea Kagera imani kwamba vichanga huota meno ya plastiki, meno bandia yaletayo homa na kuharisha, na kwamba dawa yake ni kuyang'oa. Mwanaanthropolojia Brad Weiss aliandika juu ya jambo hili kwa kirefu. Wapo wanaolitaja ili kuwacheka wanavijiji. Mimi naliona kama ushahidi wa kitu kingine: mama aliyeona kichanga chake kinadhoofika alihitaji mtu wa kukitazama mdomoni na kumweleza kina nini, na aliyepatikana karibu hakuwa mkunga aliyesomea.

Kisha ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa Kagera, na mwaka 2000 hospitali ya mkoa Bukoba ikawa miongoni mwa vituo vitano vya majaribio ya kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi. Nevirapine, dawa iliyokuja kutumika katika mpango huo, ilitakiwa kumfikia mtoto ndani ya saa 72 za kuzaliwa. Kwa mara ya kwanza zile siku 3 zilikuwa na mwenyewe: mtu aliyejua mtoto yuko wapi na anapaswa kupewa nini. Yaani kufuatilia mama na kichanga kuliwezekana pale ulipokuwapo uamuzi, fedha na jina la mtu wa kuwajibika. Kwa mama asiye na virusi, uamuzi wa namna hiyo haukufanywa.

Atakayepinga atasema mambo yamebadilika, wanawake sasa wanajifungulia vituoni, na aliyejifungulia kituoni ameshachunguzwa. Takwimu za taifa zinamkatalia. Utafiti wa taifa wa demografia na afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 98 ya wajawazito walihudhuria kliniki angalau mara moja, asilimia 63 ya watoto walizaliwa kituoni, lakini wanawake waliochunguzwa ndani ya siku 2 baada ya kujifungua walikuwa asilimia 34. Wengi walijifungulia penye muuguzi, wakaondoka bila kupimwa presha wala kutazamwa damu. Atasema tena kwamba vifo vya wazazi vimeshuka, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104 katika utafiti kama huo wa 2022. Ni habari ya kufurahisha. Hata hivyo, kati ya tafiti hizo mbili vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila 1,000, huku vya vichanga vya chini ya mwezi mmoja vikitoka 25 hadi 24. Mtoto aliyefika kwenye mizani ameokolewa. Wa mwezi wa kwanza amebaki karibu pale pale.

Pingamizi zito zaidi ni la mila: kwamba mzazi anayekaa ndani ndiye kikwazo. Sikubaliani. Mila ilishika jambo ambalo kliniki ililisahau, kwamba mama naye anahitaji kuangaliwa, na ilimweka mahali panapojulikana. Kama mzazi yuko ndani, mhudumu wa afya wa jamii anajua pa kumkuta. Shirika la Afya Duniani tangu 2013 linataka mama na mtoto wabaki kituoni saa 24, kisha waonwe siku ya 3, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Ziara mbili za kati zinaweza kabisa kufanyika nyumbani. Gharama ipo, na kwa visiwa vya Muleba kama Bumbire na Goziba, ambako safari ni ya mtumbwi, gharama ni kubwa. Ila nevirapine nayo ilikuwa na gharama.

Kila kituo kina rejesta ya MTUHA (mfumo wa taarifa za afya) namba 13, ya mama na mtoto baada ya kujifungua. Diwani wa Bukoba au Muleba anayesoma haya aombe kwenye baraza la madiwani safu moja tu ya rejesta hiyo isomwe kwa sauti kila robo mwaka, kata kwa kata: wazazi wangapi walionwa ndani ya saa 48.