Foleni ya Ushuru

Waliobuni njia ya kumtoza dereva ushuru wa barabara bila kumsimamisha walikuwa wakihesabu dakika na fedha. Niliowasoma hawakuwa wakihesabu watoto.

Mwaka 1959 mchumi William Vickrey, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alipendekeza magari ya mji wa Washington yafungwe kidude cha kuyatambulisha kwa umeme, na mwenye gari aletewe hesabu yake baadaye. Hakusikilizwa. Oktoba 1996 alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel. Siku tatu baadaye akafariki. Kufikia hapo Norway ilikwisha kuanza, na New York ilikuwa na mfumo wake, E-ZPass, tangu mwaka 1993.

Lakini tuitazame foleni yenyewe, maana jambo liko hapo. Gari lililosimama linaunguza mafuta bila kwenda popote. Linasogea hatua chache, breki, linasogea tena. Dereva akishalipa anakanyaga mafuta kwa pupa ili aurudie mwendo wake, na hapo injini hutoa moshi mwingi kuliko inapokwenda mwendo mmoja. Zidisha kwa maelfu ya magari kila siku, na ng'ambo ya uzio kuna nyumba za watu.

Mwaka 2011 Janet Currie na Reed Walker walichapisha uchunguzi wao wa watoto waliozaliwa New Jersey na Pennsylvania. Kina mama wote waliishi karibu na barabara kuu. Wengine ndani ya kilomita 2 kutoka kituo cha ushuru, wengine kilomita 2 hadi 10. Baada ya E-ZPass kuingia, kwa wale wa karibu watoto njiti walipungua kwa asilimia 10.8, na waliozaliwa na uzito pungufu kwa asilimia 11.8, wakilinganishwa na wa mbali. Utabisha kwamba labda matajiri walihamia pale? Hilo nalo walilipima: bei za nyumba hazikubadilika ghafla, wala hali za kina mama.

Hata hivyo sikisifu kidude kupita kiasi. Barabara ikilainika huita magari zaidi. Vickrey alitaka ushuru upande saa za msongamano ili magari yenyewe yapungue. Wengi walichukua kidude, hilo wakaliacha. Singapore ililifuata kwa mitambo mwaka 1998. New York, mji aliofundisha, ilianza kuyatoza hivyo magari yanayoingia kusini mwa Manhattan Januari 2025.