Kushusha na Kupandisha Injini: Historia ya Land Rover katika Gereji za Uani Nchini Tanzania

Historia ya usafiri nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kutazama reli, bandari, mabasi na sera za barabara. Kilichofanyika uani, chini ya mwembe, baada ya gari kugoma, kimeachwa pembeni kana kwamba ni habari ya ufundi tu. Hata hivyo, lugha ya mafundi wenyewe inahifadhi vitenzi viwili vinavyostahili kusomwa kihistoria: kushusha na kupandisha. Injini iliyoshushwa inaweza kufunguliwa, kufanyiwa oveholi na kupandishwa ileile. Inaweza pia kuwekwa kando, ikapandishwa nyingine kabisa, ya gari jingine na pengine ya taifa jingine. Kwa kawaida matendo haya mawili huelezwa kwa sababu moja, yaani dhiki: watu hawakuwa na spea, wakabuni. Makala hii inapinga maelezo hayo. Inadai kuwa oveholi ya nyumbani ndiyo iliyozaliwa na uhaba, ilhali ubadilishaji wa injini ulizaliwa na wingi, na kwamba anayevichanganya viwili hivyo hawezi kueleza ni kwa nini mtu aliyekwisha kupata spea madukani aliamua kuachana na injini ya asili.

Gari linalochunguzwa ni Land Rover, hasa ile ndefu inayojulikana kwa jina la 109, ambalo ni idadi ya inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Land Rover ilizinduliwa katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa mabati ya aluminiamu na kufungwa kwa bolti juu ya chesisi ya chuma. Uamuzi huo wa Waingereza ulikuwa na matokeo ambayo hawakuyakusudia. Kioo cha mbele, milango, sakafu na paneli inayobeba rejeta vyote hufunguka kwa spana za kawaida. Paneli ya mbele ikiondolewa, injini hutoka kwa mnyororo uliotundikwa kwenye magogo matatu. Giaboksi nayo huweza kutolewa kwa juu, ndani ya chumba cha dereva, baada ya kufungua sakafu na sanduku la viti. Gari la namna hiyo halihitaji shimo la gereji wala jeki ya umeme. Kwa maneno mengine, uani palitosha.

Kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na kwa muda mrefu baada yake, Land Rover nyingi zilikuwa mali ya serikali, misheni, mashamba makubwa na mashirika ya umma. Mwananchi wa kawaida alizipata mnadani, zikiwa zimechoka. Jambo hili si dogo. Lina maana kuwa mmiliki binafsi alianza safari yake na gari ambalo mmiliki wa kwanza alikuwa ameshaamua kuwa gharama ya kulitengeneza imezidi thamani yake, na kwamba tangu siku ya kwanza alinunua chesisi na bodi, huku injini ikiwa ni tatizo la kutatuliwa.

Miaka ya kati ya 1973 na 1984 ililifanya tatizo hilo kuwa gumu mno. Bei ya mafuta duniani ilipanda takriban mara nne katika kipindi cha 1973–74, kisha ikapanda tena mwaka 1979. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kwa wenye Land Rover wa Arusha, Moshi na Musoma pigo hili lilikuwa la moja kwa moja, maana Nairobi ilikuwa soko lao la karibu la spea, na kiwanda cha Leyland mjini Thika kilikuwa kikiunganisha magari hayohayo. Vita vya Kagera vya 1978–79 vilimaliza akiba ya fedha za kigeni. Uagizaji ulihitaji kibali, na kibali kilihitaji fedha ambazo Benki Kuu haikuwa nazo. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 iliongeza hofu: mwenye stoo ya spea alilazimika kueleza alikozipata.

Katika mazingira hayo oveholi haikuwa chaguo, kwa sababu hapakuwa na injini nyingine ya kupandisha. Ni kweli kwamba Land Rover mbili mbovu ziliweza kuunganishwa zikazaa moja nzima, na kwa kiasi fulani huo nao ni ubadilishaji. Ulibaki, hata hivyo, ndani ya ukoo mmoja. Injini ya petroli na ya dizeli za Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na ujazo uleule wa sentimita 2286, na misingi ya kufungia ilishabihiana. Fundi hakulazimika kubuni kitu, alihamisha tu.

Kazi yenyewe inastahili kuelezwa, kwani ndani yake ndimo ujuzi ulimokuwa. Fundi aliondoa silinda hedi na kuipima kwa rula iliyonyooka ili kujua kama imepinda kwa joto. Vali zilisagwa kwa mkono, moja moja, kwa dawa yenye chembechembe za mchanga mkali, mpaka uso wa vali na uso wa kikalio chake vionyeshe utepe mmoja wa kijivu usiokatika. Pistoni zilitolewa na silinda zikapapaswa kwa ukucha juu kidogo, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ukucha ukinasa kwenye ukingo, silinda imeliwa. Hapo ndipo uani palipofikia kikomo. Kuchimba silinda upya ili ipokee pistoni kubwa zaidi kwa inchi 0.020 au 0.040, au kusaga krenki ili ipokee beringi nene zaidi, kulihitaji mashine. Bloku na krenki vilipakiwa kwenye basi kwenda mjini, vikarudi baada ya majuma, na wakati wote huo gari lilisimama uani likiwa halina kitu mbele, huku bolti zake zikitunzwa katika makopo ya maziwa. Kwa hiyo gereji ya uani haikuwahi kuwa kisiwa. Ilitegemea karakana za reli, za misheni na za mashirika ya umma, na mafundi wengi walikuwa wamejifunzia humohumo kabla ya kujitegemea.

Palipokosekana pistoni kubwa, zilirudishwa za zamani zikiwa na ringi mpya. Palipokosekana ringi mpya, gari lilikubaliwa livute moshi wa buluu. Si kila oveholi ilikuwa ushindi. Nyingi zilikuwa njia ya kuahirisha, na mmiliki alijua hivyo.

Mabadiliko yalianza na bajeti ya mwaka 1984, iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa asili ya fedha hizo. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na hasa baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, mlango ulifunguka zaidi. Kilichoingia hakikuwa spea mpya za Land Rover peke yake. Kiliingia kitu ambacho Tanzania haikuwahi kukiona kwa wingi: injini nzima za mtumba. Japani, ambako ukaguzi wa lazima wa magari huwafanya wamiliki wayaache mapema, na ambako magari huendeshwa upande wa kushoto wa barabara kama Tanzania, ikawa chanzo kikuu. Masoko ya Dubai na Sharjah yakawa kituo cha kati. Gerezani, jijini Dar es Salaam, injini ziliuzwa zikiwa na giaboksi zake, nyaya zimekatwa kwa msumeno.

Hapo hesabu ya mmiliki iligeuka. Zamani swali lilikuwa je, injini hii itafufuka? Sasa likawa je, inafaa kufufuliwa? Dizeli ya Land Rover ya ujazo wa 2286 ilitoa takriban nguvu farasi 62. Injini ya 200Tdi, ambayo Land Rover wenyewe waliitoa mwaka 1989 kwa ajili ya Discovery, ilitoa takriban 111 kwa ujazo wa 2495. Gharama ya kusaga krenki, kuchimba silinda na kununua pistoni nne ilipokaribia bei ya injini nzima iliyokwisha kutembea lakini bado nzima, oveholi ikapoteza hoja. Hii ndiyo sababu ya kusema kuwa ubadilishaji ni mtoto wa wingi. Haukuwezekana pasipo soko lenye injini nyingi za kulinganisha.

Ubadilishaji ulidai ujuzi wa aina nyingine. Katika oveholi fundi hufuata vipimo vya kiwanda. Katika ubadilishaji kiwanda hakina la kumwambia. Ugumu wa kwanza ni pale injini inapokutana na giaboksi. Mafundi walipenda 200Tdi kwa kuwa matundu yake ya bolti yanakaribiana sana na ya injini kongwe, hivyo hukubali giaboksi ya zamani kwa marekebisho machache. Injini ya Kijapani haina undugu huo. Huhitaji bamba la chuma lililochongwa katikati, na shafti inayoingia kutoka giaboksi lazima ikae katikati kabisa ya ncha ya krenki. Ikipotoka kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, klachi hunung’unika na beringi huliwa upesi. Ugumu wa pili ni nafasi. Sampu ya mafuta hugongana na ekseli ya mbele, na turbo ya 200Tdi ya Discovery, iliyokaa chini, hukuta ubavu wa chesisi. Baadhi ya mafundi waliiondoa turbo hiyo, wakapoteza sehemu ya nguvu na kupata amani. Ugumu wa tatu ni mwendo. Difu za zamani zenye uwiano wa 4.7 kwa 1 ziliifanya injini mpya ipige kelele barabarani bila kufika kasi iliyokusudiwa. Difu za Discovery au Range Rover zenye uwiano wa 3.54 ziliondoa tatizo hilo.

Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, ameonyesha kuwa mafundi wa Tanzania hawakuwa wapokeaji tu wa teknolojia, bali waliyafanya magari kuwa ya kwao. Makala hii inakubaliana naye katika jambo hilo la msingi. Inaongeza tu kwamba “ya kwao” ilikuwa na maana mbili kwa nyakati mbili: kulidumisha gari jinsi lilivyo, kisha kuamua liwe nini. Ushahidi wa hatua ya pili umo katika chuma chenyewe. Chesisi ya 109 iliyobadilishwa injini mara mbili ina misingi ya kwanza iliyokatwa, misingi ya pili iliyochomelewa sentimita chache nyuma yake, na matundu yasiyo na kazi tena. Ajuaye kuisoma huijua historia ya umiliki wake kuliko faili lolote.

Faili lenyewe, kwa kweli, mara nyingi husema jambo tofauti. Kadi ya usajili hubeba namba ya chesisi na namba ya injini. Injini inapobadilika bila kadi kurekebishwa, mmiliki huwa na gari halali lenye moyo usioandikwa popote. Kwa mtu anayeuza gari, au anayesimamishwa njiani, pengo hilo ni hasara ya kweli, na kwa gereji bubu, ambayo kama bandari bubu haitambuliwi na mamlaka yoyote, hakuna risiti ya kuliziba. Kuna hatari nyingine isiyo ya karatasi. Nguvu ya injini iliongezwa karibu maradufu, lakini breki za ngoma zilibaki zilezile za miaka ya 1960, na shafti za ekseli ya nyuma, zilizojulikana kwa kukatika hata kabla ya hapo, ziliachwa zivumilie. Aidha, dizeli haitoi mvuto wa hewa wa kukisaidia kanyagio la breki kama petroli. Mahali pake huwekwa pampu, na pampu hiyo ikisahauliwa, dereva hugundua kwenye mteremko. Sifa za ubunifu zisifiche kwamba magari haya yalipakia abiria na mizigo kwenye milima ya Usambara na Uluguru.

Mwaka 1998 Land Rover walitoa injini ya Td5, inayoamriwa na kompyuta. Kwa gereji ya uani hili lilikuwa badiliko kubwa kuliko lolote lililotangulia, kwa sababu hitilafu haikusikika tena kwa sikio wala kuonekana kwa jicho. Ilisomwa kwa mashine ambayo fundi hakuwa nayo. Jibu lake likawa ubadilishaji unaorudi nyuma. Td5 hushushwa na nyaya zake zote, ikapandishwa 300Tdi, injini ya mwaka 1994 inayotaka waya mmoja tu wa umeme kwenye pampu ya dizeli ili iwake, na uleule ukatwe ili izimike.